Sheda zinaanza upya kila siku na prosesa inawaka moto: pa kuanzia

Kompyuta inayokompaili sheda (yaani kugeuza programu fupi za kuchora picha ziwe lugha ya kadi ya grafiki) kila mara mchezo unapofunguliwa, na kompyuta ambayo prosesa yake inachemka mpaka izimike, mara nyingi ni kompyuta ileile. Vijana wanaoniletea mashini hapa Kamalondo, Lubumbashi, huja na lalamiko moja tu kati ya hayo mawili. Mmoja ataniita Yaya, yaani mkubwa wake, na kusema, "Yaya, ule mstari wa sheda hauishi." Mwingine: "Yaya, mashini inazimika yenyewe kila nikifungua mchezo." Nikiwahoji kidogo naona wote wawili wanasema jambo moja. Kukompaili kunaipasha prosesa moto, moto unaizima mashini kabla kazi haijaisha, kazi iliyokatika njiani haikuhifadhiwa, na kesho yake inaanza upya pamoja na moto wake.

Huo ni mduara, na lazima ukatwe mahali panapofaa. Ukisafisha feni bila kujua kwa nini sheda zinarudi mwanzo, baada ya mwezi utakuwa umerudi kwa fundi. Ukikimbilia kufuta kashe (hifadhi ya sheda zilizokwisha kukompailiwa) bila kutazama joto, umeibebesha kazi mpya prosesa ambayo tayari imelemewa. Mimi hutafuta kwanza kwa nini kazi inarudiwa, ndipo nishike bisibisi.

Prosesa inafanya nini pale

Sheda ni programu fupi inayoiambia kadi ya grafiki namna ya kuchora mwanga, kivuli, maji, ngozi ya mtu, kutu kwenye bati. Mchezo mmoja mkubwa wa siku hizi una maelfu ya sheda. Kwenye PlayStation au Xbox watengenezaji wanajua kadi iliyomo ndani ya kila mashini ya aina hiyo, kwa hiyo wanaleta sheda zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya kadi hiyo: bukari (ugali) imekwisha songwa, wewe unanawa mikono tu. Kwenye PC kadi ni za kila aina na draiva (programu zinazoendesha kadi) ni za kila toleo, kwa hiyo mchezo unaleta unga, na kila nyumba inasonga kwenye sufuria yake.

Kazi hiyo inafanywa na prosesa. Kadi ya grafiki inasubiri tu. Tazama vipimo mstari wa sheda unapotembea: kadi iko asilimia chache, prosesa iko 100% kwenye viini vyote (sehemu zake za kufanyia kazi). Mchezo wenyewe ukishaanza hauvibani viini vyote namna hiyo, ndiyo maana mashini inayocheza vizuri jioni nzima inaweza kuzimika kwenye dakika za mwanzo, wakati kwenye skrini hakuna kinachotembea isipokuwa namba ya asilimia.

DirectX 12, njia ambayo mchezo huongea na kadi, ilipokuja na Windows 10 mwaka 2015, na Vulkan, ya namna hiyohiyo, mwaka 2016, mzigo wa kuandaa sheda na mipangilio yake yote ulitoka kwa draiva ukaenda kwa watengenezaji wa mchezo. Wakawa na njia mbili: kukompaili kabla ya kuanza, au kukompaili katikati ya mchezo na kumwacha mchezaji akwame kidogo kila mlango mpya unapofunguka. The Last of Us Part I ilipofika kwenye PC mwezi wa 3 mwaka 2023, wachezaji wa dunia nzima walilalamikia urefu wa maandalizi hayo, na watengenezaji wakatoa masahihisho kadhaa. Hata hivyo mimi nauheshimu ule mstari wa mwanzo. Usiukatishe, usifungue dirisha jingine, usizime kompyuta kwa hasira. Kazi hiyo ikifanyika mara moja na kuisha, umepona. Tatizo ni pale inaporudi.

Kuna kurudi kwa halali. Ukibadilisha draiva ya grafiki, ukibadilisha kadi, au mchezo ukipata sasisho, sheda za zamani hazifai tena. Michezo mingine, kama Hogwarts Legacy, huonyesha maandishi ya kuandaa sheda kila unapoifungua, lakini kashe ikiwepo maandalizi yanapita haraka. Kipimo changu ni muda. Mara ya pili ikichukua karibu muda uleule wa mara ya kwanza, na hukubadilisha kitu, basi kashe haikai.

Kwa nini kashe haikai

Anza na folda zenyewe, maana zitakuambia ukweli kuliko mtu yeyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA% na ufungue. Humo tafuta D3DSCache, ambayo ni ya Windows yenyewe. Mwenye kadi ya NVIDIA afungue NVIDIA kisha DXCache. Kwenye draiva mpya zaidi, kashe iko upande wa pili, ndani ya AppData\LocalLow\NVIDIA\PerDriverVersion\DXCache. Mwenye AMD afungue folda ya AMD, atakuta DxCache, DxcCache au VkCache. Michezo mingine huweka kashe yake yenyewe ndani ya folda ya mchezo au kwenye Documents, kwa hiyo uangalie na huko.

Panga faili kwa tarehe. Andika ukubwa wa folda kwenye karatasi. Fungua mchezo, acha sheda ziishe kabisa, cheza kidogo, kisha toka kupitia menyu ya mchezo wala si kwa kuuua mchezo. Tazama tena: folda imekua? Kama haijakua, kuna kitu kinazuia kuandika: diski imejaa, au kinga ya virusi inaikatalia programu kuandika kwenye folda hiyo. Kama imekua, zima kompyuta, iwashe, tazama mara ya tatu. Ikiwa imekua kisha ikarudi ilivyokuwa baada ya kuwashwa, kuna mtu au programu inayofuta. Jaribio hili halihitaji intaneti wala pesa, na limenitatulia kesi nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kwenye sale za michezo za Lubumbashi (vyumba ambamo mteja analipia mchezo kwa saa) anayefuta kashe mara nyingi anajulikana. Wenye sale huweka Deep Freeze au programu ya namna hiyo, inayogandisha diski ibaki ilivyokuwa, ili uchafu wote ambao wateja wameacha uondoke kompyuta ikiwashwa upya. Ni kinga nzuri, na mwenye sale ana haki ya kuitaka. Lakini kwa programu hiyo, kashe ya sheda ni uchafu kama uchafu mwingine. Kila asubuhi kompyuta zote za sale zinaamka bila kashe, wateja wa kwanza wanakuja, na kompyuta zote zinaanza kukompaili kwa pamoja ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Joto la chumba linapanda, feni zinanguruma, mteja analipia saa yake akitazama asilimia, na mwenye sale anasema kompyuta zimezeeka. Hazijazeeka!

Dawa yake ni kuihamishia kashe kwenye diski isiyogandishwa. Kwa kawaida C ndiyo imegandishwa na D imeachwa huru. Washa kompyuta katika hali ya kuyeyushwa (kugandisha kukiwa kumezimwa kwa muda), funga michezo yote, tengeneza folda D:\kashe\DXCache, kisha futa ile DXCache ya zamani. Windows ikikataa kwa sababu faili zinatumika, ingia kwa hali ya usalama ("mode sans échec") ndipo ufute. Halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

mklink /J "%LOCALAPPDATA%\NVIDIA\DXCache" "D:\kashe\DXCache"

Badilisha njia hiyo ifuate folda uliyoiona ikikua kwenye jaribio la mwanzo. Usinakili yangu kwa upofu. Ukiwa bado katika hali ya kuyeyushwa, fungua kila mchezo na uache sheda ziishe. Ndipo ugandishe tena. Sasisho la mchezo au la draiva likija, rudia hatua hii ya mwisho.

Nyumbani hakuna Deep Freeze, lakini kuna programu za kusafisha kompyuta. Kijana anasikia mashini yake nzito, anaweka programu inayoahidi kuondoa takataka, anaiwekea iwe inafanya kazi kila kompyuta inapowaka. Kashe ya DirectX imo kwenye orodha ya vinavyofutwa. Ondoa alama kwenye mstari huo, au iondoe programu yote. Windows yenyewe, ambayo hapa kwetu ni ya Kifaransa, ina "Nettoyage de disque" ambayo pia ina mstari wa kashe ya DirectX. Itumie unapokusudia kufuta, usiiache ijiendeshe.

Draiva nazo zina lake. Windows Update inaweza kukuletea draiva ya grafiki bila kukuuliza, wewe ukaweka nyingine kutoka kwa mtengenezaji, na kila mabadiliko yanarudisha sheda mwanzo. Draiva moja ya NVIDIA inazidi MB 500, na wote tunajua bei ya megabaiti hapa kwetu. Ushauri wangu kwa wadogo zangu: chagua draiva moja inayofanya kazi, kaa nayo. Badilisha tu kama mchezo mpya unaitaka au kuna kasoro unayoiona kwa macho.

Wenye kompyuta ndogo yenye kadi mbili, ile ya ndani ya Intel au AMD na ile kubwa, wahakikishe mchezo unafunguka kwenye kadi kubwa kila siku. Mchezo ukianza leo kwenye hii na kesho kwenye ile, sheda za moja hazisaidii nyingine. Nenda "Paramètres", kisha "Système", "Affichage", halafu sehemu ya grafiki, na uuwekee mchezo utendaji wa juu.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kukompaili, kompyuta ya mezani inazimika papo hapo, na faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki nusu. Dalili yake naijua: mchezo unafika asilimia ileile, sema 63, unajifunga, unafungua tena, unajifunga palepale. Hapo ndipo kufuta kashe kuna maana, na kufanywe mara moja tu. Kwa AMD kuna kitufe cha kuweka upya kashe ya sheda ndani ya programu yake ya Adrenalin, kwenye mipangilio ya juu ya grafiki. Kwa NVIDIA, zima kashe ya sheda kwenye paneli yake, washa kompyuta upya, futa yaliyomo kwenye DXCache, kisha iwashe kashe na uipe ukubwa wa GB 10 ili isijae na kuanza kutupa sheda za zamani. Call of Duty ina kitufe chake cha kuanza sheda upya kwenye mipangilio ya grafiki.

Mwenye kompyuta ya mezani ajitahidi apate ondulere (UPS, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme), hata ndogo. Haihitaji kukushikia umeme saa nzima. Inakupa dakika za kufunga mchezo kwa adabu. Kama huna, chagua saa ambayo mtaa wako huwa na umeme uliotulia na umalizie sheda hapo, kabla marafiki hawajafika. Kompyuta ndogo ina betri yake ya kuiokoa, ila usikompaili kwa betri peke yake: prosesa inapunguziwa nguvu na kazi inarefuka.

Sasa joto

Pakua HWiNFO, ifungue kwa sehemu ya vipimo tu, na uiache ikiandika wakati mchezo unakompaili. Usihangaike na mistari yote. Tazama mistari mitatu: joto la prosesa nzima, kasi ya viini kwa MHz, na ule mstari wa prosesa kujipunguzia mwendo kwa sababu ya joto, ambao unajibu ndiyo au hapana. Safu ya kiwango cha juu inakuhifadhia kilele hata kama hukuwepo.

Namba zisikutishe ovyo. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, Ryzen 5000 za mezani, za AMD, ziko kwenye 90 au 95, na Ryzen 7000 nyingi zimetengenezwa zikubali kufika 95 zikiwa na kazi nzito. Kompyuta ndogo inayofika 90 wakati wa sheda na kushuka baadaye, mimi naiacha. Ninayoishughulikia ni ile inayogonga kikomo ndani ya sekunde chache, inabaki hapo, na kasi yake inaporomoka. Nilipokea moja ya mwanafunzi, mwezi wa 8, vumbi la kiangazi likiwa limeshika kila kitu: nyuzi 100 mara tu sheda zilipoanza, kasi ikatoka 3.9 GHz ikaanguka chini ya 1.5, na mstari ukasimama. Kila dakika iliyopita kazi ilikuwa ndogo na joto lilikuwa lilelile.

Kompyuta ikizimika ghafla bila neno, fungua "Observateur d'événements", "Journaux Windows", "Système". Tukio la Kernel-Power namba 41 linasema tu kwamba Windows haikuzimwa vizuri. Linaweza kuwa joto, umeme wa mtaa, au kifaa cha umeme ndani ya kompyuta. Lakini ukilikuta tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power kabla yake, linasema kasi ya prosesa ilikuwa inabanwa na mfumo wa chini wa mashini, na hapo joto linakuwa mshukiwa wa kwanza.

Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na feni ileile inasukuma hewa pungufu kwa uzito. Mwezi wa 10, kabla ya mvua kushika, chumba chenyewe kiko moto. Kwa hiyo usijilinganishe na mtu wa Ulaya anayesema mashini kama yako inakaa 75 kwake.

Kufungua na kusafisha

Ile ya mwanafunzi, kwa nje ilikuwa safi. Alikuwa anaifuta kila siku, na matundu ya hewa yalipitisha mwanga. Nilipotoa kifuniko cha chini, feni nayo ilionekana nzuri, na hapo ndipo wengi hufunga na kusema hakuna vumbi. Nilitoa skrubu za feni, nikaiinua. Nyuma yake, pale hewa inapoingia kwenye mapezi membamba ya shaba, kulikuwa na utando wa vumbi jekundu uliochanganyika na nyuzi za blanketi, umekazana kiasi kwamba niliushika kwa kibano ukatoka mzima, na umbo la mapezi limechorwa juu yake. Hewa yote ya feni ilikuwa inagonga hapo na kurudi ndani. Alikuwa anachezea kitandani.

Vumbi hilo huwezi kuliona bila kuinua feni, na ukipuliza kutoka nje unalisukuma tu kidogo lirudi baadaye. Usiende kwa fundi wa matairi kupuliza na kompresa yake: hewa yake ina nguvu mno na inabeba maji na mafuta. Brashi laini na pampu ya mkono vinatosha. Ukipuliza, ishikilie feni kwa kijiti isizunguke, maana feni inayozungushwa kwa nguvu inaharibika mhimili na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Kabla ya yote, zima, chomoa chaja, na uchomoe betri kwenye bodi. Skrubu za kipoza joto juu ya prosesa zimeandikwa namba. Zilegeze kwa kurudi nyuma, kutoka namba kubwa hadi 1, kidogo kidogo kila moja. Wakati wa kufunga anza na 1. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, unaweza kuvunja kona ya prosesa, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Mafuta ya kupitisha joto yaliyokauka yafute kwa alkoholi ya nyuzi 90 kutoka duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ile ya 70 ina maji mengi, iache. Kwenye kompyuta ndogo, prosesa iko uchi bila kifuniko cha chuma, kwa hiyo tandaza mafuta mapya yafunike uso wote kwa tabaka jembamba. Kwenye ya mezani, tone la milimita nne hivi katikati linatosha. Kipoza joto kitalisambaza. Vile vipande laini vinavyokaa juu ya kumbukumbu za kadi usivitupe na kuweka mafuta mahali pake: vina unene wake, na bila unene huo kipoza joto hakigusi. Ile metali ya maji inayouzwa kwa wapenda kasi inapitisha umeme. Usiiguse kama hujawahi kufundishwa.

Ukimaliza, rudia jaribio lilelile, mchezo uleule, chumba kilekile. Ile mashini ilishika 87 na kasi ikakaa juu ya 3 GHz hadi sheda zikaisha.

Kama bado inawaka, au huna namna ya kuifungua leo

Kuna njia ya programu inayosaidia papo hapo. Prosesa za leo zinajipandisha juu sana ya kasi yake ya msingi: Core i7-10750H, ambayo naiona kwenye kompyuta ndogo nyingi, ina msingi wa 2.6 GHz na inaweza kuruka hadi 5.0. Kuruka huko ndiko kunakochemsha. Ukiweka kikomo cha prosesa kuwa 99%, kwenye mashini nyingi kuruka kunazimika. Katika Windows ya Kifaransa ni "Options d'alimentation", mipangilio ya juu, "Gestion de l'alimentation du processeur", halafu "État maximal du processeur". Kwenye mashini mpya mstari huo umefichwa. Basi fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current

Sheda zitachukua muda zaidi, lakini zitaisha, na zikiisha na kuhifadhiwa unarudisha 100 ukipenda. Mimi nawashauri wenye mashini za zamani waiache hivyo hata wakicheza. Michezo mingi inategemea kadi zaidi.

Njia nyingine: sheda zikianza, fungua "Gestionnaire des tâches", "Détails", bonyeza kulia kwenye mchezo, "Définir l'affinité", uondoe alama kwenye nusu ya viini. Ukimaliza rudisha. Michezo ya mtandaoni yenye kinga dhidi ya udanganyifu inaweza kukataa, ikikataa usilazimishe.

Weka pia kikomo cha picha 60 kwa sekunde, hata kwenye menyu. Kwenye kompyuta ndogo nyingi prosesa na kadi zinashirikiana mabomba ya kupoza, na kadi inayochora menyu bila kikomo inaipasha prosesa moto bure. Inua nyuma ya kompyuta kwa vipande viwili vya mbao, juu ya meza. Godoro halifai.

Kumbukumbu (RAM) nayo iangaliwe. Kukompaili kwa viini vingi kunakula RAM nyingi. Mashini ya GB 8 inajaa, inaanza kuandika kwenye diski, na mchezo unajifunga huku joto likiwa la kawaida kabisa. Acha Windows ijipangie yenyewe faili ya kumbukumbu ya akiba, na ukipata pesa ongeza RAM kabla ya kufikiria kadi.

Joto likiwa zuri lakini mchezo unajifunga

Kama una kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, zile kubwa za i7 na i9 hasa, soma hapa taratibu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo za mezani zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Dalili yake hujitokeza hasa wakati wa sheda, kwa sababu ndipo viini vyote vinapobanwa: mchezo unajifunga, na kwenye michezo iliyotengenezwa kwa Unreal Engine linatokea tangazo kwamba kumbukumbu ya kadi imekwisha, wakati kadi ina nafasi tele. Watu wamebadilisha kadi nzima kwa sababu ya tangazo hilo.

Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi ya bodi), 0x129 mwezi wa 8 mwaka 2024 na 0x12B mwezi wa 9, na ikaongeza miaka miwili kwenye garanti ya prosesa hizo zilizouzwa ndani ya boksi lake. Marekebisho yanazuia uharibifu usiendelee; prosesa iliyokwisha kuumia hayaiponyi. Weka BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa bodi yako, chagua mipangilio ya msingi ya Intel, na zima XMP ya RAM (mpangilio wa kuiongezea kasi) kwa muda ili ujue kosa halitoki kwenye kumbukumbu. Mchezo ukiendelea kujifunga, prosesa ndiyo ya kubadilishwa. Na BIOS usiiguse bila ondulere iliyojaa chaji: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiwake tena.

Mashini nyingi za mezani zinazouzwa hapa ni za mkono wa pili, zinapitia mpaka wa Kasumbalesa, na garanti yake haijulikani iko kwa nani. Kabla ya kutoa dola zako, mwombe muuzaji akuwekee mchezo mmoja mzito, mfute kashe pamoja, na mkae naye sheda zikiandaliwa kutoka sifuri huku HWiNFO iko wazi. Akisema haina haja, kwamba mashini inawaka vizuri na YouTube inacheza, mshukuru na uende kwa mwingine.